Alipoyapata Changu Magego na Mistari

Msiyatupe kwanza hayo magego. Mnampara changu huku mnamcheka, eti ana meno ya babu, na wala hamjui aliyapatia wapi.

Zamani changu alikuwa mweupe mwili mzima, hana mstari hata mmoja, na meno yake yalikuwa membamba. Aliishi peupe, kwenye mchanga mtupu. Ukoo wake ulikuwa na desturi moja uliyoiringia mno: mgeni akiingia na maji kujaa, wote hutoka kumlaki kwa safu, watoto mbele, maana watoto ndio pambo la wenyeji. Kuivunja safu kabla mgeni hajapita ilikuwa fedheha kubwa.

Siku moja akaingia mzia, mrefu, mdomo umechongoka. Akapita polepole mbele ya safu kama anayepokea salamu. Alipofika mwisho, mtoto mmoja hakuwepo. Safu nzima ikatetemeka, lakini Shaame, mkuu wao, akanong'ona, "Tulieni! Mnataka tusemwe bahari nzima? Mgeni hajapita bado."

Mzia akageuka, akapita tena. Nao wakatulia! Adabu gani hiyo ya kusimama huku unaliwa?

Bi Mize alikuwa safu ya nyuma, na Faki, mwanawe wa pekee, alikuwa mbele. Aliona wa kushoto kwa mwanawe ametoweka, kisha wa kulia.

"Mama," Faki akaita bila kugeuka, "nisimame tu?"

"Njoo! Njoo kwangu, mwanangu, waache waseme!"

Akamsukuma mbele yake, wakakimbilia kwenye nyasi za bahari. Wachache waliokuwa karibu wakawafuata. Jua lilikuwa juu, na vivuli vya nyasi vikawaangukia ubavuni, mistari mistari. Mzia akaja akasimama juu yao, akichungulia. Bi Mize alitetemeka hadi meno yakaanza kugongana. Akijua yatasikika, akamwuma kome wa gamba gumu aliyekuwa chini na kumbana kwa nguvu zote. Faki akafanya vivyo hivyo, na wenzao pia. Wakabana, wakabana, mpaka meno ya nyuma yakasagika yakawa bapa. Kule nje walimsikia Shaame akisema, "Tulieni." Baadaye hawakumsikia tena.

Mzia alipoondoka walichungulia. Pale penye safu palikuwa na mchanga mtupu. Wakatazamana, wakaona vile vivuli vimewaganda mwilini.

Na tangu siku hiyo changu huwalea wanawe kwenye nyasi, magego yake huvunja kome, na hamlaki mtu yeyote. Akishtuka tu, mistari humtoka ubavuni. Hata huyu mnayempara alikuwa nayo alipotolewa majini, niliiona mwenyewe. Sasa itafuteni. Haipo, kwa sababu hana tena cha kuogopa.