Korosho Moja Shavuni mwa Kindi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na kamati nyingi kuliko chakula, Kindi na mkewe na watoto wao sita walikusanya korosho za kuwavusha kiangazi. Bila hizo, wale wadogo wasingeyaona masika.

Siku moja, puu!

“Hodi!” akanguruma Kiboko, mlango umeshang'oka.

Alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Ghala. Nyuma yake walisimama Tembo, mhasibu, na Nyati, ambaye kazi yake ilikuwa kuitikia.

“Korosho hizi ni mali ya Kamati.”

“Naam, ya Kamati,” akaitikia Nyati.

Kamati hiyo ilikuwa na sheria moja, iliyotungwa baada ya wakubwa hao kutwangana kwa sababu ya boga moja lililobaki. Mali igawanywe sawasawa; isibaki, isitupwe wala isiliwe hata moja kabla ya mgao. Isipogawika mpaka jua kuzama, irudi ilikotoka. Hawakuaminiana hata kidogo, kwa hiyo waliishika sana.

Tembo akahesabu kwa mkonga. “Elfu moja na nane! Kila mmoja mia tatu thelathini na sita.”

Kindi akapiga hesabu yake kimoyomoyo. Namba hiyo ilikuwa laini mno: inakubali watatu, wanne, sita, saba, hata tisa!

Ptuu! Akatema korosho.

“Shikamoo, Mheshimiwa! Nilisahau moja shavuni. Nitaibaje mali ya Kamati?”

“Marahaba! Mnaona? Raia wa mfano!”

Wakagawa.

“Imebaki moja,” akasema Tembo.

“Ongeza mjumbe!” akaamuru Kiboko.

Akaitwa Kifaru. Wakagawa kwa wanne. Imebaki moja! Akaitwa Twiga, akaja na mkewe, maana alisikia kuna mgao. Kwa sita, imebaki moja! Akaitwa Nyumbu.

“Imebaki moja,” akalia Tembo.

“Ni ileile au nyingine?” akauliza Nyati.

Jua likaanza kuzama.

“We Kindi! Namba gani hii?”

“Namba yenye kiburi, Mheshimiwa. Ina njia mbili tu. Mtafute wajumbe elfu moja na tisa, kila mmoja apate moja. Au mmoja wenu achukue zote.”

“Mimi ndiye mwenyekiti,” akasema Kiboko.

“Mimi ndiye niliyehesabu!”

Nyati, kwa mara ya kwanza maishani, hakuitikia. Aliinamisha pembe. Paa! Kacha! Vumbi likatimka, na lilipotulia, jua halikuwepo.

Kiboko, jicho limevimba, akatangaza kwamba Kamati imezirudisha korosho kwa hiari yake.

Kindi akairudisha ile moja shavuni. Zilizobaki akazigawa kwa wanane wa nyumbani kwake. Zikagawika bila kelele.

Basi wanangu, funzo ni hili: anayetaka kunyang'anya kwa kufuata sheria, kwanza ajifunze kugawanya.