Mfukia Shimo Hungoja Mvua

Mfukia shimo hungoja mvua. Methali hiyo mama yenu hakuitunga yeye, wala hakuwa anakutukana, Chande. Ulisema, "Si nimeshamwomba dada radhi? Anataka nini tena?" naye akakujibu kwa hiyo, mkabaki mnatazamana. Basi sogezeni viti. Mimi nimekaa miji mingi, na shule nimeisoma vipande vipande, lakini hii najua ilikotoka, maana nilikuwa juu ya lori siku ilipoanza.

Lori lenyewe lilikuwa limeshatoka mjini, linateremka milima ya Usambara na shehena ya kabichi. Mimi nilikuwa utingo. Pembeni yangu, juu ya magunia, alikaa kijana aitwaye Singano, amekumbatia sururu, koleo na shindilio lake, kile chuma kizito chenye mpini cha kugandamizia udongo. Kazi yake ilikuwa kuchimba mitaro ya nyaya na mabomba barabarani, nchi nzima. Akishachimba, akalaza bomba, akafukia, gari la kazi huja kumchukua kwenda mji mwingine. Safari hii lakini hakuwa anatoka kwenye kazi ya watu. Alikuwa anatoka kwa baba yake.

Baba yake, Mzee Shechambo, macho yalikuwa yamemwisha. Aliishi peke yake tangu mkewe afariki, na safari yake ilikuwa moja tu: kila asubuhi, fimbo mkononi, avuke mtaa kwenda ng'ambo kwa rafiki yake Mzee Kupaza, muuza kahawa, wanywe, wabishane, arudi. Lami ile aliijua kwa nyayo. Mwaka uliotangulia alijikwaa akavunjika mkono, na binti yake aliyekuwa Tanga akaapa: "Baba akianguka tena nakuja kumchukua, nyumba tunaifunga." Mzee akikumbushwa hilo, hata kubisha alikuwa anaacha.

Singano alikuja kumvutia baba yake maji. Bomba kuu lilipita ng'ambo, kwa hiyo ilibidi lami ikatwe. Akaenda halmashauri kuomba kibali, akapokewa na Bi Namkunda, mama mtaratibu asiye na maneno mengi. Alimweleza masharti: akate mstari ulionyooka, afunge kamba na kitambaa chekundu watu wasitumbukie, afukie tabaka kwa tabaka huku akishindilia, arudishe kifusi na lami kama alivyovikuta.

"Na mvua ya kwanza ikishapita," akaongeza, "nitakuja tuliangalie shimo pamoja. Hapo ndipo nitakapokifunga kibali chako."

Singano akacheka. "Mvua tena, mama? Shimo likishafukiwa limefukiwa. Hiyo ndiyo kazi yangu."

"Ni kazi yako kweli. Na mvua nayo ina kazi yake."

Alichimba vizuri, hilo sitamnyima. Maji yakatoka uani kwa mzee, kiraka cha lami kikakaa sawa na mtaa. Jioni hiyo Singano akapiga magoti mbele ya baba yake, akaomba radhi kwa jambo ambalo hawakuwahi kulizungumza: hakuja kumzika mama yake. Mzee akamwekea mkono kichwani, akasema, "Yamekwisha, mwanangu." Kulipokucha Singano akapanda lori letu. Mvua hakuingoja.

Ikatukuta kwenye kona za mlimani, mvua ya kwanza ya vuli, ile inayomwagika kama imechelewa mahali. Tulipokaribia bondeni gurudumu la mbele likazama, lori likainama, kabichi zikabingirika barabarani. Dereva akatoa kichwa dirishani.

"Nani kafukia hapa? Huyu kafukia kama paka!"

Mimi nikacheka. Singano hakucheka. Alikuwa ameshashuka, amesimama kwenye maji akitazama ule mfereji uliokata barabara kutoka ukingo hadi ukingo.

"Hili ni langu," akasema.

"Lako vipi?"

"Tulipitisha waya hapa kiangazi. Nililifukia kwa mikono yangu, nikaliacha limelala kama meza." Akaingiza mguu, ukazama hadi kifundoni. "Unajua, utingo, nimechimba nchi nzima, lakini sijawahi kuliona shimo langu baada ya mvua."

Tulisukuma mpaka lori likatoka. Dereva akapiga honi. Nilipogeuka, Singano alikuwa na shindilio begani, anaupanda mlima kwa miguu.

"Wewe! Unakwenda wapi na mvua hii?"

"Baba ataamka kwenda kunywa kahawa!" akanijibu, bila kusimama.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Mzee Kupaza, nami nikayaamini, kwa kuwa aliyasimulia bila kujisifu, jambo ambalo hakulizoea.

Kesho yake asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Kile kiraka mbele ya nyumba kilikuwa kimetitia, pamekuwa mfereji wa matope. Mzee Shechambo akatoka na fimbo yake. Akaipeleka mbele kama kawaida, isiguse kitu.

"Simama hapo hapo, Shechambo!" Kupaza akapiga kelele kutoka ng'ambo, birika mkononi. "Mtaa umeingia chini!"

"Mtaa gani unaingia chini? Sema kahawa imekuungulia, hutaki nije."

"Nakuapia! Ukitia mguu hapo, binti yako atakuja kukupakia kama gunia la kabichi!"

Mzee akasita, fimbo ikiwa bado hewani. Mkono ukamshika kiwiko.

"Nani?"

"Mimi, baba."

"Si umeondoka?"

"Niliondoka. Nimerudi kuliangalia shimo."

Mzee akaupapasa ule mkono, akaukuta wa baridi, umelowa, una matope hadi begani. "Umetembea," akasema.

"Limetitia, baba. Nilidhani limekwisha."

Mzee akaishusha fimbo yake. "Hata mimi nilikwambia yamekwisha, na sikukudanganya. Lakini mvua ilipoanza kupiga bati nikamkumbuka mama yako, nikaona yametitia. Hebu niambie. Siku ile ulikuwa wapi?"

"Mpanda, mtaroni. Habari ilinifikia mapema, baba. Nikajiambia, nitakapofika kaburi litakuwa limeshafukiwa. Nikaendelea kuchimba."

"Lingekuwa limefukiwa, kweli. Lakini kaburi nalo hutitia, Singano. Mvua ilipopita, unadhani nani alikwenda kuongeza udongo? Mimi nisiyeona, na huyu Kupaza mwenye mgongo mbovu. Nililipapasa kwa viganja mpaka nikajua limekaa sawa. Siku hiyo nilikuhitaji kuliko siku ya mazishi."

Singano akalia pale pale mtaani, watu wanapita. Baba yake hakumnyamazisha, na mkono wake hakuuachia. Kupaza ndiye aliyeshindwa kuvumilia.

"Basi, basi! Mfukia shimo hungoja mvua. Mlete huku anywe kahawa. Anatetemeka hivyo atashindilia nini?"

Bi Namkunda alipofika, kama alivyoahidi, alimkuta Singano ameshautoa udongo wote, anaurudisha upya tabaka kwa tabaka. Hakusema, "Nilikwambia." Alisimama penye kamba, akawaelekeza wenye baiskeli wapite pembeni. Kazi ilipokwisha, baba na mwana wakachukua jembe wakaenda makaburini. Upande wa kichwani palikuwa pamebonyea. Singano akawa anaongeza udongo, mzee akipapasa na kusema, "Hapa bado, hapa bado," mpaka akasema, "Hapo sawa."

Singano alikaa kwa baba yake mpaka vuli ikaisha, kisha akarudi kwenye mitaro. Tangu hapo, kila masika na kila vuli alikuwa anapanda kwenda nyumbani. Mzee Shechambo hakuanguka tena. Alifia kitandani mwake, nyumbani kwake, na Singano alikuwepo kumzika, akawepo tena mvua ilipopita. Kupaza aliacha kuuza kahawa mwaka uleule, akahamia kwa mjukuu wake Korogwe. Bi Namkunda alihamishwa. Binti wa Tanga ndiye anayekaa kwenye ile nyumba sasa. Lori liliuzwa chuma chakavu. Mtaa wote ulikuja kutandikwa lami mpya, kile kiraka hakionekani.

Chande, dada yako yuko jikoni. Mfukia shimo hungoja mvua.