Bi Kindi na Chiriku wa Tembo

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati kila mnyama alikuwa na baraza yake na jiko lake, Bwana Tembo aliitwaa miti yote ya matunda. Miaka ile ilikuwa ya njaa. Bi Kindi, mjane mwenye watoto wanne, alikuwa akiwachemshia wanawe magome, na hasira ilimjaa mpaka mkia ukamtetemeka.

Miti ilikuwa mingi, lakini ubao wa Tembo pale barazani ulikuwa na mistari mitatu tu. Asubuhi aliandika: wa kwanza mpera, wa pili mzambarau, wa tatu mkwaju. Kwa kila mstari alimtuma chiriku mmoja akakae mtini.

"Tunda likiiva, lia namba ya mstari wako," aliwaagiza. "Nitakuja mbio."

Na alikuwa akija kweli, ti, ti, ti, ardhi inatikisika. Bi Kindi hakuonja hata pera moja.

Siku moja saa sita Tembo akataka kuangalia miti mingine. Akafuta ubao, akaandika upya: wa kwanza sasa ni mfenesi, ule wa ng'ambo ya kilima. Akawa anataka kuwaita chiriku wa asubuhi warudi. Bi Kindi alikuwa juu ya paa la baraza, anasikia yote. Akateremka upesi.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Marahaba. Huna kazi kwako?"

"Ninayo. Nimesikia unawaachisha kazi chiriku, nikaona aibu kwa ajili yako. Mkubwa gani anapunguza watu wake? Kifaru akisikia atasema umefilisika."

Tembo akapepea masikio. "Afilisike yeye! Hawa wabaki. Nitatuma wengine."

Bi Kindi akaaga kwa adabu. Alipofika nyuma ya nyumba alicheka mpaka akashika mbavu.

Alasiri pera likaiva. Chiriku wa mperani, mwaminifu wa watu, akalia: "Wa kwanza! Wa kwanza!"

Tembo akatazama ubao. Wa kwanza ni mfenesi. Ti, ti, ti, akapanda kilima, akashuka, akafika anahema. Mafenesi yote mabichi. Huku nyuma Bi Kindi na wanawe wako mperani, kacha kacha, kacha kacha.

"Mama, anakuja?" kitinda mimba akauliza.

"Haji huku. Kula, mwanangu."

Bi Kindi akamtazama akila, akafurahi kuliko siku zote za mwaka ule.

Ikawa ndivyo kila siku. Tembo anafuta, anaandika, anatuma chiriku wapya, wa zamani hawaiti warudi. Kufikia Ijumaa "Wa kwanza!" ilikuwa ikitoka miti saba kwa pamoja. Tembo akakonda, miguu ikamvimba, akaenda mwenyewe kwa Bi Kindi.

"Chiriku wangu wananidanganya, bibi."

"Hawakudanganyi. Kila mmoja anasema ya mti wake. Wewe umefuta mti ubaoni, chiriku wake umemwacha analia."

"Sasa nifanyeje?"

"Nipe mpera uwe wa wanangu, nikwambie."

"Chukua. Nataka kupumzika."

"Ukifuta mstari, mwite kwanza chiriku wake arudi."

Tembo akakumbuka. "Lakini siku ile nilitaka kuwaita. Si wewe uliyenizuia?"

Bi Kindi alikuwa ameshapanda mpera wake.

Basi nanyi, wanangu, mkimweka mtu awasikilizie jambo, jambo likiisha mwiteni arudi.