Kitanda cha Mtungi

Kulikuwa na mwanamke mmoja aliyekuwa akimuuguza mumewe katika kituo cha afya kilichoko mlimani, mbali na mji. Mumewe alikuwa mpiga tarumbeta wa kanisa lao. Ninyi wa kwaya mnamjua mtu wa namna hiyo: mashavu yamevimba, kifua mbele, na wimbo ukianza haachi nafasi ya mwingine kusikika. Sasa homa ya mapafu ilikuwa imemwangusha. Alilala wodi ya wanaume akihema juu juu, na mkewe alikaa pembeni juu ya ndoo iliyofunikwa, akimkanda mgongo.

Wodi ile ilikuwa na vitanda kumi na vinane na nesi mmoja. Mtungi wa oksijeni nao ulikuwa mmoja, umesimamishwa karibu na dirisha, na kitanda kilichokuwa kando yake watu walikiita kitanda cha mtungi, tena walikiogopa tangu zamani. Wiki ile walilazwa pale wanaume wawili, wakawekewa mirija puani, na wote wawili walitoka wamefunikwa shuka mpaka usoni. Basi kule nyuma, kwenye jiko wanakopikia uji wa wagonjwa, wauguzaji walikubaliana kwamba gesi ile ndiyo inayowamalizia watu. Wewe ungebisha, nawe umewaona wawili kwa macho yako?

Njia ya kwenda kwenye kitanda kile ilijulikana. Nesi alikuwa na kipimo kidogo cha kubana kidoleni, kinachoonyesha kwa namba kama damu ya mtu ina hewa ya kutosha. Ukipata tisini na kuendelea, unabaki ulipo. Ukishuka chini ya tisini, unahamishiwa dirishani. Kwa kuwa nesi alikuwa peke yake, ana dripu za kufunga na dawa za kugawa, alizoea kukipitisha kipimo kitanda hadi kitanda. Kila muuguzaji alimbana mgonjwa wake mwenyewe na kuisoma namba kwa sauti, naye nesi akaandika. Ndivyo kazi ilivyokwenda, na hakuna aliyelalamika.

Siku ya kwanza mwanamke alimbana mumewe, namba ikatoka themanini na saba. Aliitazama, akatazama dirishani. Kisha akakivua kile kipimo, akaingiza mikono yake chini ya blanketi, akakibana kwenye kidole chake mwenyewe.

"Tisini na nane," alisema.

"Vizuri, mama," nesi alijibu akiwa amempa mgongo, akaandika tisini na nane.

Naona mnatabasamu. Msimdharau. Yule mama hakuwa mtu wa uongo. Kanisani kwao ndiye aliyefundisha watoto amri za Mungu, na zote kumi alizijua kwa mpangilio. Alimpenda mumewe, akaogopa kumpoteza, na hofu ikamshika mkono ikampeleka ilikotaka. Jioni alirudia. Kesho yake asubuhi akarudia tena. Cha ajabu ni kwamba kidogo kidogo alianza kuiamini ile namba. Ndugu walipokuja kumjulia hali mgonjwa aliwapokea kwa uso mkunjufu, akawaambia baba watoto anaendelea vizuri, leo tisini na nane, nao wakashika mikono wakamshukuru Mungu kwa ajili ya namba ile.

Siku ya tatu mchana midomo ya mumewe ilikuwa na rangi ya majivu, naye alimwita mkewe kwa jina la dada yake aliyekwisha kufariki. Nesi aliliona hilo. Alisimama, akaisoma karatasi, akamtazama mgonjwa, akaisoma tena. Karatasi ilisema huyu ni mzima, na nesi akaiamini karatasi. Alisema ni homa tu inamsumbua, akamwongezea dawa.

Saa ile ile aliletwa mzee mmoja mchoma matofali, amebebwa na wanawe, anahema kwa shida. Wale wanawe walikuwa wageni, hawakujua habari za jikoni. Nesi mwenyewe alimbana mzee kidole, akapata sabini na tisa, akamlaza dirishani na kuufungua mtungi. Wodi nzima ilimkodolea macho, kila mtu akimngojea afe.

Hakufa. Kabla wageni wa jioni hawajaingia alikuwa ameketi na mirija yake puani, akiwagombeza wanawe kwamba uji hauna sukari.

Mwanamke alimsikiliza mzee yule akigombeza. Halafu akainuka kwenye ndoo yake, akaenda mpaka meza ya nesi.

"Sista, kile kidole kilikuwa changu."

"Kidole gani, mama?"

"Cha tisini na nane. Siku zote tatu. Cha kwake sijakupa."

Nesi alikwenda mbio, akambana mgonjwa kwa mkono wake, ikatoka sabini na moja. Walikisukuma kitanda kizima hadi dirishani, na nesi akaunganisha mrija wa pili kwenye mtungi ule ule. Namba ilipanda taratibu. Ilipovuka themanini na tano, nesi alifungua kabati, akatoa mafaili mawili ya wale waliotoka wamefunikwa, akayaweka mbele ya mwanamke. Tisini na saba. Tisini na nane. Tisini na saba. Siku tano mfululizo, na mstari wa mwisho wa kila moja, ulioandikwa mgonjwa alipokuwa hawezi tena kuitika, hamsini na kitu.

"Nilidhani ugonjwa huu unaua ghafla," nesi alisema.

Mpiga tarumbeta alipona. Nawaambia mapema kwa sababu najua mtaniuliza mlangoni. Mimi usingizi unanipaa kwa ajili ya wale wawili.

Ndugu zangu, na sisi tuna kitanda tunachokiogopa, humu humu ndani. Tulimwona mmoja wetu amesimama hapa akaungama, na mwezi haukwisha ndoa yake ikavunjika. Mwingine aliungama ulevi, akahama usharika kwa aibu. Tukaenda kukubaliana, kwenye majiko yetu, kwamba kuungama kunaua. Nani kati yetu aliuliza walikaa miaka mingapi wakitangaza tisini na nane? Tulikuwa tukiwasalimia, wakatuambia hawajambo, tukamshukuru Mungu kwa ajili yao. Tuliomba juu ya namba ya uongo, tena kwa bidii.

Wala msidhani nawasema ninyi peke yenu. Kila Jumapili nasimama pale mlangoni nawauliza habari za nyumbani huku nikimtazama anayefuata. Nimekuwa nesi aliyewapa mgongo, nikaandika mlichonisomea. Nimekosa, na naumia.

Leo sitamwita mtu mbele. Nitakuwa ofisini mpaka saa kumi, peke yangu, sina haraka. Njoo. Usiniletee imani ya mama yako, wala maombi ya mkeo, wala uzima wa babu yako aliyelijenga kanisa hili. Hao nimeshawaandika. Wewe una ngapi?