Sahani ya Kambale Mbele ya Ghanimu

Inasimuliwa kwamba katika zama zilizopita, kwenye mji mmoja wa bara uliopitiwa na mto, aliishi mjane mcha Mungu aitwaye Bi Ramla binti Wahbi, Mola amrehemu. Marehemu mumewe alimwachia bwawa la kambale lililowekwa wakfu. Samaki wake walikuwa futari ya mayatima arubaini wa mji ule kila Ramadhani, wala hakuuzwa hata mmoja. Kila alfajiri baada ya sala, Bi Ramla aliwalisha pumba na mashudu ya ufuta kwa mkono wake.

Mwaka mmoja aliugua homa miezi mitatu, na kazi ya kulisha akaishika shemeji yake, Ghanimu. Huyu alikuwa mtu wa msikitini, aliyehifadhi masuala ya twahara, mwepesi wa kuwakosoa wenzake namna wanavyotawadha. Nalisema hili mapema kwa sababu linaniudhi. Bi Ramla alipopata nafuu, zikiwa zimebaki kama siku ishirini Ramadhani iandame, alikuta samaki wamenenepa ajabu. Watu walisema ni baraka ya dua za mgonjwa, naye akazipokea sifa zile na kushukuru.

Lakini alipompasua kambale mmoja ili aonje, harufu iliyotoka ilimrudisha nyuma. Akaagiza wavu uburutwe chini kabisa ya bwawa, ukatoka na taya la punda na kwato mbili. Kumbe Ghanimu alikuwa akiwatupia samaki nyamafu na damu ya machinjioni, ili wanone upesi na mji umsifu.

Hasira ilimpanda Bi Ramla. Akakumbuka kwamba mwenye ghadhabu hutakiwa atawadhe, akaenda kutawadha. Aliporudi alimwona Ghanimu amesimama kwa utulivu anavuta tasbihi, ghadhabu ikamrudia yote, akaenda kutawadha tena. Mara ya tatu alikaa kwanza chini, ndipo akamwuliza kwa nini amefanya vile.

Ghanimu hakutaka radhi. Alieleza kwamba maji yakishafika kulateni, yaani kile kipimo cha maji mengi, hayanajisiki madhali hayakubadilika. Akaongeza kuwa mnyama aliyelishwa najisi wanavyuoni wamesema ni makuruhu tu, si haramu. Akamaliza kwa kusema kwamba yatima hachagui chakula.

Neno hilo la mwisho ndilo lililomchoma Bi Ramla. Aliwasha moto, akampika kambale yule kwa chumvi na ndimu, akamweka sahanini mbele ya shemeji yake.

"Kula, shemeji."

Ghanimu akapiga bismillahi, akamega tonge, akalifikisha karibu na mdomo. Harufu ikampiga. Akalirudisha tonge sahanini, akainamisha kichwa.

"Sikukwambia ni haramu," Bi Ramla akasema. "Masuala unayajua kunishinda. Lakini mayatima nao wana pua, Ghanimu. Mkono wako umelirudisha tonge, halafu ulitaka tuwape wao. Na mimi nimesifiwa kwa minofu ya mzoga, nikaitikia alhamdulillahi."

Ijumaa ile, baada ya sala, Bi Ramla alisema kutoka upande wa wanawake kwamba Ramadhani hii hakuna samaki, kwa kuwa wamelishwa uchafu, na kwamba bwawa ni amana yake na kosa ni lake. Jina la shemeji yake hakulitaja. Watu wakamkasirikia. Mmoja alimwambia waziwazi kwamba angenyamaza tu, kwani nani angejua. Hapo Ghanimu, aliyekuwa safu ya mbele, akasimama, akasema kwamba aliyewalisha mizoga ni yeye.

Samaki wakahamishiwa kwenye kidimbwi kilichochimbwa ili kipitiwe na maji ya mto, wakalishwa pumba safi siku arubaini ili uchafu uwatoke: kumi za Shaabani na thelathini za Ramadhani. Mayatima wakafuturu kunde na tende, na Ghanimu akifuturu pamoja nao kunde zile zile. Kila alfajiri yeye ndiye aliyebeba pumba.

Siku ya Idi samaki walivuliwa, wamekonda, hawavutii macho. Bi Ramla alimpika mmoja kwa chumvi na ndimu, akamweka mbele ya shemeji yake kama siku ile, akamwambia ale. Ghanimu akanusa, akala, machozi yakimtoka. Ndipo sahani za mayatima zikapakuliwa.

Ndugu zangu katika imani, kisa hiki mimi hukisimulia kwa hasira, na sioni haya. Kila mwaka naona mchele wenye wadudu ukipelekwa kwa mafukara, na aliyeutoa ameinua mikono akiomba dua ndefu. Kabla hujaomba sadaka yako ipokewe, ipakue kwanza kwenye sahani yako mwenyewe, ukae nayo, uone kama mkono utafika mdomoni.