Landrova Lililokataa Wimbo

Gari kongwe haliungwi kwa rangi. Mmelisikia neno hilo leo sokoni, mkacheka, mkaniuliza ukongwe na rangi vinahusiana nini. Kaeni basi, chanzo chake ni hiki.

Hapa Tukuyu palikuwa na gereji ya Fundi Lwitiko, na kati ya wanagenzi wake binti alikuwa mmoja tu, Tumpale, aliyejifunza umeme wa magari. Kila mwanagenzi aliimbishwa wimbo wa gereji kabla ya kushika koleo: "Nyekundu moto, nyeusi bodi." Yaani waya mwekundu huleta moto wa betri, na mweusi hufungwa kwenye bodi ya gari. Tumpale aliuimba hata akifua nguo.

Asubuhi moja ya mvua, Mzee Ambakisye alileta Landrova lake, lililoundwa Lwitiko hajazaliwa. Matope yakikolea, ni hilo peke yake lililoweza kushusha wagonjwa kutoka kijijini kwake mlimani. Sasa askari wa barabarani alikuwa amesema: bila indiketa, taa za kuonyesha kona, lisionekane tena barabarani. Wanawe mzee walikuwa wamekwisha kumwita mnunuzi wa vyuma chakavu, naye alisubiri nje na mizani yake.

Tumpale akafunga taa, kisha akaunga flasha, kile kidude kinachozifanya ziwake na kuzimika. Waya wake mwekundu akauelekeza kwenye waya uliotoka upande wa betri, mweusi kwenye taa iliyoshikana na bodi, kama wimbo ulivyotaka. Akawasha. Flasha ikafuka moshi, ikafa.

Gereji nzima ikaangua kicheko. "Bibie, ulikuwa unaunga au unakaanga?"

Lwitiko hakucheka. "Gari hili limekufa. Mzee, mwachie mwenye mizani. Na wewe Tumpale, likitoka kwa kilo, toka nalo."

Mzee Ambakisye akaanza kuondoa vitu vyake garini, blanketi la wagonjwa kwanza. Tumpale aliliona lile blanketi likikunjwa. Akaenda kusimama mbele ya bampa.

"Halitoki."

"Unasemaje?"

"Halitoki, fundi. Nimeunga kama ulivyonifundisha. Kama mkono haukukosea, basi wimbo umekosea."

"Wimbo wangu? Nimeuimba tangu wewe hujaota meno!"

"Na gari hili lilipanda mlima tangu wewe hujaota yako." Akamgeukia mzee. "Baba, betri iko wapi?"

"Chini ya kiti, mwanangu. Nimeikalia miaka yote."

Tumpale aling'oa kiti. Nyaya zote mbili za betri zilikuwa nyeusi kwa uzee, hazikuwa na rangi ya kumwambia lolote. Akachukua kitambaa, akasugua betri mpaka alama ya kujumlisha, ile ya upande wa moto, ikajitokeza. Akaufuata waya wake kwa kidole, taratibu, mpaka ulipoishia. Ulikuwa umefungwa kwa bolti kwenye bodi.

Akacheka peke yake. Katika gari hili moto ulikaa kwenye bodi! Kila alichoimba kilikuwa kinyume.

Flasha nyingine haikuwapo. Akaiendea pikipiki ya Lwitiko mwenyewe, akaanza kufungua yake.

"Wewe! Ukiiunguza utanibeba mgongoni mpaka nyumbani!"

"Nitakubeba," alisema, bila kuinua uso.

Safari hii waya mweusi wa flasha aliuelekeza upande wa betri, mwekundu kwenye taa. Kicheko kilikuwa kimekwisha. Akawasha. Taa ikawaka, ikazimika, ikawaka.

Mwenye mizani aliondoka bila kuaga. Lwitiko akakuna kidevu. "Basi walioliunda ndio waliokosea."

"Hawakukosea, fundi. Mimi na wewe hatukuliuliza."

Mzee Ambakisye akalirudisha blanketi mahali pake. "Ndaga, mwanangu," akashukuru, akapanda mlima akiwasha indiketa kwenye kila kona, hata pasipokuwa na mtu wa kumwona.

Tumpale hakufukuzwa. Na gari jingine la zamani lilipoingia gerejini, mwanagenzi akakimbilia waya mwekundu, aliyemshika mkono alikuwa Lwitiko. "Acha! Fungua kiti kwanza."

Nanyi mtakutana na wakongwe, watu, mashamba na hata ugomvi wa kale, mkiwa na nyimbo mlizofundishwa. Msiwaache wenye mizani wawachukue. Lakini fungueni kiti kwanza, kwa maana gari kongwe haliungwi kwa rangi.