Ubao wa Jiko la Itundwe

Sogeeni karibu, watoto, na nyinyi wakubwa mliojificha nyuma njooni pia. Mimi kazi yangu ni kusimulia tu. Hukumu ni yenu.

Katika kijiji cha Itundwe walikuwapo watu watatu. Bi Kalunde, mpishi wa uji wa chekechea, alijaliwa ukaidi: akishakaa, hainuliwi. Nyamizi, msichana wa chekechea hiyohiyo, alijaliwa ulimi usiojua kuzunguka. Na Bwana Kisinza, mgeni kutoka mjini, alijaliwa jicho la kupima. Mashirika yalimtuma kufanya tathmini, yaani kwenda kuona kama kazi iliyoanzishwa imewafaa watu au imepita bure.

Shirika moja lilikuwa limeleta unga Itundwe, na pamoja na unga likaleta sharti: uji unywewe hapohapo chekechea, na mtoto atakayeonekana akiutoa nje afukuzwe. Baada ya mwaka, Bwana Kisinza, aliyewapima watoto wa kijiji kabla ya jiko kuanza, akarudi na mzani wake. Akawapima watoto wa chekechea mmoja mmoja. Wapi! Hawakuwa wameongezeka kitu. Akaandika: uji haujasaidia, jiko lifungwe. Asubuhi iliyofuata gari la shirika likaja kuchukua unga.

"Mama, zima moto," dereva akamwambia Bi Kalunde.

"Nizime na maji yameshachemka?"

"Ni amri ya ofisi."

Bi Kalunde akafunga kanga kiunoni, akaenda kukaa juu ya magunia. "Haya, nipakieni pamoja na unga. Ila mjue mimi nakoroma, na huko ofisini kwenu nitakula mara tatu kwa siku."

Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka. Wakamsihi, wakamtisha kwamba ataitiwa polisi. "Waiteni," akasema, "na wao wana watoto." Jua likapanda, gari likabaki tupu. Kwa sababu hiyo watoto wakapata uji siku hiyo, na Bwana Kisinza akabaki akiwatazama wakinywa.

Akatazama, akashangaa. "Uji mzito kama huu," akasema kwa sauti, "unakwenda wapi?"

Watoto wote wakainamisha vichwa, isipokuwa Nyamizi. Akaingiza mkono ndani ya sweta.

"Nyamaza we, utafukuzwa!" mwenzake akamnong'oneza.

"Si ameuliza?" Nyamizi akatoa kibuyu kidogo, akakiweka mezani mbele ya mgeni. "Shikamoo, mjomba. Nusu naunywa mimi. Nusu unakwenda kwa Shija, mdogo wangu. Hajafikia umri wa kuja hapa. Nifukuze basi, lakini kibuyu nirudishie, uji unapoa."

Hapo ndipo masweta mengine yalipofunguliwa, na meza ikajaa vibuyu, vilevile ambavyo Bi Kalunde alikuwa akiviona mwaka mzima bila kumwambia mtu. Maana watu wa Itundwe wana desturi yao: mtoto aliyekula nje ya nyumbani harudi mikono mitupu kwa mdogo wake aliyebaki. Walifundishwa hivyo tangu wakitambaa. Sharti la shirika lilikuwa jipya, desturi ilikuwa ya siku zote, na watoto walijua lipi la kufuata.

Bwana Kisinza angeweza kupanda gari na kuondoka, kwa kuwa ripoti yake ilikuwa imekwisha. Badala yake akavifuata vibuyu nyumba kwa nyumba, akiwa na ule mkanda wa kupimia mikono ya watoto wadogo, ambao rangi yake nyekundu ni hatari na kijani ni salama. Kabla jiko halijaanzishwa alikuwa amewapima wadogo wa kijiji hiki yeye mwenyewe, na mikono mingi ilikuwa kwenye nyekundu. Sasa ilikuwa kijani. Shija, aliyekuwa hawezi hata kusimama, alimkimbia akilia!

Akampigia simu mkubwa wake.

"Safari hii hatukukutuma kupima hao," mkubwa akafoka. "Andika kwamba jiko limeshindwa, urudi."

"Sitaandika. Jiko limelisha watoto tusiowahesabu. Tulioshindwa ni sisi tuliopima."

"Basi kazi huna."

"Kazi chukua. Ripoti nitaisoma leo, mbele ya kijiji chote."

Akaisoma, na dereva na maofisa wa shirika, waliokuja kuulizia gari lao, wakiwa wamesimama palepale. Nani angethubutu tena kugusa magunia? Jiko likabaki, na maofisa wenyewe wakalifuta sharti.

Siku ya pili watu wa Itundwe wakaupaka chokaa ule ubao wa mlangoni uliokuwa na jina la shirika. "Unga wao tunaushukuru," wakasema, "lakini jiko hili limepiganiwa, na litaitwa kwa jina la aliyelipigania." Fundi rangi akapanda ngazi. Ubao ulikuwa mfupi, wa jina moja tu.

"Andika Kalunde!" wakasema wa upande huu. "Asingekalia unga, kusingekuwa na uji wa kuulizia."

"Kalunde aliviona vibuyu mwaka mzima akanyamaza!" wakajibu wa upande ule. "Andika Nyamizi. Bila yeye siri ingebaki ndani ya sweta."

"Nyamizi na wenzake ndio waliofanya mzani useme uongo! Andika Kisinza, aliyepoteza kazi kwa ajili yetu."

"Kisinza? Si ndiye aliyeandika lifungwe?"

"Jamani, semeni," fundi akalia kutoka juu ya ngazi. "Brashi inakauka!"

Msinitazame mimi, wanangu. Wala msiniambie ubao uongezwe, mbao zimekwisha. Kama moto ungezimwa, kama kibuyu kingefichwa, kama ripoti isingesomwa, leo Shija asingekuwa na uji wa kunywa. Je, wewe uliyeshika brashi, ungeandika jina la nani?